Sega Moja Kutoka kwa Kila Mtu

Nyinyi wakufunzi wapya wa mradi mmenitumia ujumbe mkiniomba niwaandikie mwongozo wa kufundisha wafuga nyuki. Mwongozo upo stoo, kwenye kabati la chuma, chini ya glavu zilizotafunwa na panya, na mkiusoma mtalala usingizi mzuri. Mimi nitawaandikia yaliyonitokea. Vyeo na mshahara naviacha. Vyeo havikuwa vingi, na mshahara wenu mnaujua, basi na wangu mnaweza kuukisia. Nimestaafu, miguu inavimba jioni, muda ninao wa kutosha, na kuna jambo moja linanikaa kooni tangu nilipotoka kazini. Nikifika hapo mtalijua wenyewe.

Mimi ni mtu wa Sikonge, Tabora. Baba yangu alitundika mizinga ya magome msituni, na kazi yetu wasichana ilikuwa kuchuja asali na kuchapwa makofi tukilamba vidole. Nyuki wenyewe hatukuruhusiwa kuwasogelea. Nilikuja Durban kumfuata mume wangu, fundi wa majokofu, na nikapata kibarua cha kushona Isipingo, karibu na stendi ya teksi. Siku moja ukaletwa mzigo wa kitambaa cheupe, yashonwe magwanda ya wafuga nyuki yenye veli za kufunika uso. Nikashona. Aliyekuja kuyachukua alikuwa Anko Siva, Mhindi wa Chatsworth, mfupi, mkali, mkufunzi wa mradi huu kabla hamjazaliwa wengi wenu. Aligeuza gwanda moja ndani nje, nje ndani, akaniuliza kama nimewahi kuvaa kitu hicho nilichokishona. Nikasema hapana. Akasema, "Kesho alfajiri njoo ukivae."

Basi hiyo ndiyo siku yangu ya kwanza kazini. Zipu ilikuwa imeishia chini kidogo ya shingo, na nyuki wa huku hawahitaji mlango mkubwa. Niliumwa kwenye kope, sikioni, na mahali pengine ambapo sipaandiki. Nilipiga kelele hadi mbwa wa jirani wakaitikia. Anko Siva aliendelea kupuliza moshi kana kwamba simo. Tulipomaliza akanikatia kitunguu nijipake, akasema kwa kile Kiingereza chake cha haraka kwamba sasa nitajua zipu inatakiwa iishie wapi. Wiki iliyofuata nilikuwa msaidizi wake, na cherehani nikaiacha.

Alinifundisha kunusa kabla ya kutazama. Mzinga mzima unanuka nta na mkate. Ukikuta harufu ya gundi ya seremala iliyochacha, alisema, funika, nawa mikono, halafu ndiyo uanze kuogopa. Alinifundisha pia kijiti cha kiberiti. Ukiona kifuniko cha chumba cha jana kimebonyea na kina tundu, unachoma kijiti ndani, unakoroga, unavuta polepole. Jana ni yule mtoto wa nyuki kabla hajaota mabawa. Kama amekufa kwa mambo mengine, kijiti kinatoka na maji maji. Kama ni ugonjwa wa kuoza majana, kinatoka na uzi wa kahawia unaovutika kama ute wa bamia. Uzi huo ukiuona hakuna dawa ya maana. Vijidudu vyake vinajificha kwenye mbao na nta, vinangoja miaka na miaka. Unachimba shimo, unachoma nyuki, masega, sanduku na kila kitu. Wakati huo tuliambiwa ugonjwa uko upande wa Cape. Anko Siva alikuwa amewahi kwenda huko kusaidia kuchoma mizinga ya watu, na hakupenda kuisimulia safari ile. Aliporudi, alisema tu kwamba wazee wanalia vibaya.

Wanafunzi wangu wengi walikuwa Wakongo. Kundi lililonipa raha kuliko yote, na baadaye huzuni, lilikuwa la Isipingo, watu wa kanisa moja, waliokutana Jumapili baada ya ibada. Mimi Mwislamu nilikuwa nawasubiri nje na mabomba yangu ya moshi hadi waimbe wamalize, na wallahi hawakuwa na haraka. Mwenyekiti wao alikuwa Papa Dezire, fundi wa simu, mcheshi, mtu anayecheka kabla hajamaliza kuchekesha. Na kulikuwa na Mama Furaha, mzaliwa wa Bukavu, aliyekuwa msusi. Dawa za nywele zilimharibu kifua. Alikuwa akikohoa hadi wateja wanamwonea huruma na kwenda saluni ya pili. Nyuki ndio waliomtoa humo. Alikuwa na mizinga yake kwenye kiwanja chenye mikaratusi, nje kidogo ya mji, na asali yake ndiyo iliyolisha nyumba. Alikuwa anaongea na nyuki wake muda wote anapofanya kazi. Nilimwambia nyuki hawasikii maneno. Akaniambia, "Mwalimu, hata wateja ya saluni hawakuwaka wanasikia."

Sasa niwaambie desturi yao, maana ndiyo kiini cha yote. Nyuki wa huku ni wepesi kuhama. Siafu wakiingia, moto wa majani ukipita, mtu akiwasumbua sana, asubuhi unakuta sanduku tupu. Ukinasa kundi jipya, nalo halina mizizi, linaweza kuondoka kesho yake. Lakini ukiliwekea sega lenye asali na majana, nyuki hawaachi watoto, hata wakiwa si wao. Kwa hiyo mwenzao akipoteza nyuki, Jumapili baada ya ibada kila mmoja alileta sega moja kutoka mzinga wake mzuri. Waliita kuinua. "Leo tunainua Mama fulani." Walipika sombe, yale majani ya muhogo, wakaimba, wakapanga masega kwenye masanduku ya aliyepoteza, na hakuna aliyewahi kuulizwa alileta dogo au kubwa. Papa Dezire daima alileta lililonona kuliko yote.

Mwongozo unakataza kuhamisha masega. Najua, mimi ndiye niliyekuwa nikiusoma kwa sauti mbele yao. Tulikubaliana kati kwa kati: hakuna sega linalotoka bila mimi kulikagua na pua yangu na kijiti changu. Ilienda hivyo miaka mingi, na hapakuwa na baya. Mimi mwenyewe waliniinua. Nina mizinga yangu nyuma ya nyumba, Chatsworth, kule bondeni kwenye miti, na mwaka mmoja mvua iliporomosha udongo ukaichukua yote. Jumapili ile walipanda kilima cha kuja nyumbani kwangu na mabeseni yaliyofunikwa vitambaa, wote, na nguo za kanisani, Papa Dezire mbele anahema na kuimba. Mume wangu alikuwa bado hai, alisimama mlangoni akauliza kuna harusi ya nani. Nililia mbele ya wanafunzi wangu, na sikuona aibu.

Chanjo ya ugonjwa ule ilipotufikia kwa majaribio, Anko Siva alikuwa amekwisha kufa. Hilo linaniuma hadi leo. Mtu aliyechoma mizinga ya watu hakuwahi kuiona dawa ya kuzuia. Somo la kwanza nilisema, "Jamani, nyuki sasa wana chanjo," na Papa Dezire akainuka.

"Sindano utaichoma wapi, Mwalimu? Kwa matako? Lakini pale iko na yake tayari!"

Kanisa zima likaangua kicheko. Nikawaacha wachoke, kisha nikaeleza. Sindano haipo. Vijidudu vya ugonjwa vimeuawa, vimechanganywa kwenye kinyunga cha sukari. Unamweka malkia kwenye kijumba kidogo cha waya pamoja na vibarua wake wachache. Vibarua wanakula ile sukari, wanatengeneza maziwa ya kumlisha malkia, na kwa njia hiyo kinga inafika kwenye mayai. Majana yanaanguliwa yakiwa yameshaonjeshwa adui.

"Donc ni kama mama anapatia mtoto kwa maziwa," alisema Mama Furaha.

"Karibu na hapo. Ila huyu anampa mtoto angali yai."

"Eh! Huyu malkia iko na akili kuliko clinic."

Alikuwa wa kwanza kutoa malkia wake. Malkia hao niliwatia nukta ya rangi mgongoni ili tuwatambue. Nikawaambia, na nikarudia Jumapili baada ya Jumapili hadi wakawa wananiigiza sauti: chanjo haitibu mzinga ulioanza kuumwa. Kinga iko kwa malkia, haiko kwenye sanduku. Nyuki wakigawanyika, malkia mwenye nukta akaondoka na kundi, binti anayebaki usimhesabu. Na sega la mzinga mwingine bado ni sega la mzinga mwingine. Wote waliitikia vizuri. Lakini nyinyi mnaofundisha mtaona, watu wakishasikia neno chanjo hawasikii tena linalofuata. Mtoto akichanjwa si anacheza na wenzake? Ndivyo walivyoelewa. Wakaanza kunipigia simu kidogo kidogo. "Usijisumbue, Mwalimu, hizi tulisha kuchanja."

Mwaka huo majani yaliwaka kwenye kile kiwanja cha mikaratusi. Mizinga ya Mama Furaha haikuungua, ila moshi uliwahamisha nyuki karibu wote. Mimi nilikuwa Sikonge kwenye hitima ya dada yangu. Mama Furaha alinasa makundi mengine, akawekewa malkia waliochanjwa, na Jumapili wenzake wakamwinua. Niliona picha kwenye simu: masega, sombe, Papa Dezire anacheza na beseni kichwani. Nikawajibu na vidole gumba. Sikujua kwamba Papa Dezire alikuwa amenunua sanduku kuukuu kwa mtu wa barabarani, akalipaka rangi, akalijaza nyuki, akamchanja malkia wake, na kwa hayo akaamini kazi imekwisha. Lile sega lililonona alilotoa lilitoka humo.

Nilikuwa nimeshasahau kabisa mambo ya moto pale Mama Furaha aliponipigia simu asubuhi moja. Hakunisalimia.

"Mwalimu, kwangu kunanuka."

"Kunanuka nini?"

"Ile yenye ulitufundishaka."

Nilikwenda na gari la mradi nikapita robot, taa za barabarani, zikiwa nyekundu, Mungu anisamehe. Nilinusa kabla sijafungua. Nikafungua hivyo hivyo. Vifuniko vimebonyea, vina matundu, majana ndani yamekuwa ugoro. Mama Furaha alinipa kiberiti chake mwenyewe. Nikachoma kijiti, nikakoroga, nikavuta, na uzi ukaja. Ukaja, ukaja, haukatiki. Sote wawili tuliutazama.

"Mais tuliwachanja," alisema. "Malkia iko pale, na rangi yake. Ona, si ule?"

Malkia alikuwepo, na nukta yake ya bluu, anatembea juu ya wafu wake. Nilimweleza kwamba chanjo ni ya kumkinga mtoto na vijidudu vichache vinavyopita njiani, na yeye alikuwa ameletewa sega zima lililojaa ugonjwa na kuwekwa katikati ya nyumba. Katika mzinga wa pili malkia hakuwa na nukta kabisa, ni binti aliyebaki baada ya mama kuondoka na kundi. Tulifungua mmoja baada ya mwingine. Ilikuwa vilevile.

"Basi tukate zile mbaya, tuache nzuri."

"Haiwezekani, Mama Furaha."

"Hata moja?"

"Hata moja."

"Unanirudisha saluni, Mwalimu." Aliinamisha kichwa akaanza kukohoa.

Niliwapigia ofisi ya mifugo kama inavyotakiwa, tukachimba shimo. Kuchoma kunafanyika jioni, nyuki wote wakiwa wamerudi, ili asibaki wa kupeleka ugonjwa kwingine. Hiyo saa ya kungoja ndiyo mbaya, maana unawaona wanavyorudi na chavua miguuni, wanajitahidi. Kundi zima la kanisa lilikuja. Hakuna aliyeimba. Kabla sijamwaga petroli Mama Furaha aliniomba nisubiri, akaweka sikio kwenye sanduku.

"Wako naimba," alisema. "Habajue kitu."

Kisha akasogea pembeni, akanipa ishara ya mkono niendelee.

Moto ulipokuwa unawaka Papa Dezire alinifuata nyuma ya gari. Hakuwa na utani hata chembe. Aliniuliza kama ni sega lake. Ningeweza kumdanganya. Nyuki huibiana asali, upepo huwapoteza njia, ningesema ni Mungu tu ajuaye. Lakini masanduku yake yalikuwa bado yamesimama nyumbani kwake na uzi ndani, nilikuwa nimeshayaona mchana ule, na yeye hakuwahi kumwona mtu na shida akakaa na mikono mfukoni. Angegawa tena mwezi ujao. Nikamwambia, "Ndiyo, Papa. Ni lile lako."

"Lile zuri?"

"Lile zuri."

Alichoma yake kesho yake bila kusukumwa na mtu. Gwanda lake aliliosha, akalipiga pasi, akanirudishia. Hakufuga tena. Kwenye kibanda chake cha simu alinipokea vizuri kila nilipokwenda, akanibadilishia kioo, akaniuliza hali ya miguu. Habari za nyuki hakuzigusa, nami nikaziacha. Alikuwa mtu wa kucheka, na mimi ndiye niliyelitoa neno lile mdomoni. Ningelazimika kulisema leo, ningelisema vilevile, na lingeniuma vilevile.

Baada ya hapo nilifundisha kwa ukali. Hakuna kuinua. Hakuna sega, hakuna asali, hakuna glavu wala patasi kutoka mzinga wa mtu kwenda kwa mtu. Ukitoka kwenye nyuki wako usiingie kwa mwenzako na gwanda la kazi. Kila mtu na vitu vyake, kila malkia na nukta yake, na mzinga mtupu uogope kuliko uliojaa. Safari hii walinisikia, maana walikuwa wameuona ule moshi. Malkia wapya walichanjwa, masanduku mapya yakanunuliwa. Mama Furaha alianza tena na sanduku moja la mradi, peke yake, akarudia kusuka nywele muda mrefu huku akikohoa, hadi nyuki walipokuwa wa kutosha kumtoa tena. Miaka yangu ya mwisho nilichoma vijiti vingi sana Isipingo na sikuvuta uzi hata mara moja. Mkiulizwa na wakubwa kama chanjo inafaa, jibuni inafaa. Nimeiona kwa macho yangu.

Ila Jumapili baada ya ibada watu walianza kwenda zao. Hapakuwa na la kusubiri. Sombe haikupikwa. Nilipokuja kufundisha nilikuta viti vichache na watu wanaoandika vizuri, hawachelewi, hawanichekeshi. Mmoja akipoteza nyuki, nilisikia kwa bahati tu, miezi imepita. Nikawa naendesha kurudi Chatsworth nikijiambia kazi imefanikiwa, na kweli ilikuwa imefanikiwa, lakini eish, nilikuwa na majonzi ndani ya gari lile. Sikuwahi kuliandika hilo kwenye ripoti. Hakuna mahali pake.

Sasa lile lililonikaa kooni. Mwezi wa pili wa kustaafu kwangu nyuki wangu wa bondeni walihama. Siafu. Niliamka nikakuta masanduku kimya, nikakaa juu ya jiwe muda mrefu, mjane mzima nalilia wadudu. Nikapiga picha, nikawatumia watu wa Isipingo. Majibu yalikuja haraka. Pole Mwalimu. Pole sana Mama. Mungu atakuinua. Jumapili ikafika nikajikuta nimefagia uwanja na kubandika chai kubwa, mjinga mimi, nikachungulia barabarani saa ya watu kutoka ibadani. Kilima kilikuwa kitupu.

Alikuja mtu mmoja tu, alasiri. Mama Furaha. Alisimama nje ya geti na gwanda lake la kazi, hana mzigo wowote.

"Karibu, Mama, ingia! Mbona umesimama?"

"Hapana, Mwalimu. Nimetoka kwa mizinga, sikupata wakati ya kubadilisha. Siwezi ingia na hii nguo."

"Nyuki wangu wameondoka. Hakuna wa kumwambukiza humu."

"Ulisemaka mzinga mtupu njo wa kuogopa." Alilisema kwa upole, kama mwanafunzi anayetaka kufaulu. "Yangu ilikuwa na masega mazuri leo asubuhi. Asali mpaka huku chini. Nilishika moja kwa mkono, nikafikiri weye. Nikairudisha."

Nilimwambia amefanya vyema. Sauti ilinitoka ya kufundishia, ile ile. Nikaingia ndani nikamimina chai, nikampitishia kikombe juu ya geti, na kiti nikakitoa changu nikakiweka upande wangu. Alikunywa amesimama. Tulizungumza habari za kifua chake na za miguu yangu. Alipomaliza hakunirudishia kikombe mkononi. Alikiweka chini kwenye saruji, nje, akanikumbusha nikioshe na maji ya moto.